Kasi ya Risasi za Shemeji

Burdette Haugen alikuwa na namba moja maishani mwake, na namba yenyewe ilikuwa elfu tatu mia mbili. Hapakuwa na mtu mjini Kettle Butte ambaye hakuwahi kuisikia. Ungeisikia kwenye foleni ya posta, ungeisikia kanisani kabla wimbo wa kwanza haujaanza, na hata ukifa, waliokuja kukuzika wangeisikia wakiwa wamesimama kando ya kaburi lako. Risasi zake, alizozijaza baruti kwa mkono wake mwenyewe bandani kwake, kwa mchanganyiko aliorithi kwa baba yake, zilitoka mtutuni kwa futi elfu tatu mia mbili kwa sekunde. Jimbo zima la Wyoming, alisema, hakuna mwingine aliyeifikisha bunduki ya aina ile kwenye kasi ile.

"Umezipima lini, Burdette?" watu waliuliza.

"Zamani. Nyinyi bado mnanyonya."

Ukweli ni kwamba aliwahi kujaribu. Klabu ya shabaha ilikuwa na kipimo cha mtindo wa kale, kile cha kuweka mbele ya bunduki ili upitishe risasi kati ya vijiti vyake, nacho kinanasa kivuli chake inapopita. Burdette alikitandika risasi ya tumbo. Klabu ikatafuta kingine, nacho akakiua. Mara ya kwanza alisingizia upepo, mara ya pili akasingizia jua. Tangu hapo klabu haikuwa na kipimo, na namba ya Burdette ikabaki imetulia pale pale, haina wa kuigusa.

Sasa, aliyekuja kuigusa alikuwa shemeji yake, Nedra.

Nedra alikuwa mjane wa Harlan, mdogo wake Burdette. Aliendesha basi la shule, alijaza risasi zake kwenye meza aliyoiacha mumewe, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kumwona Burdette ametulia akamwacha ametulia. Kuna mwaka aliunganisha honi ya lori la Burdette na kanyagio la breki. Mzee akavuka mji mzima akipiga honi kila kona, watu wakamgeukia na kumpungia, naye akawapungia, akafika nyumbani akamwambia mkewe kwamba leo mji una upendo wa ajabu.

Kiangazi kile binti yake Nedra, anayeishi Denver, alimtumia mama yake zawadi ya siku ya kuzaliwa: rada ya kupimia kasi ya risasi. Kilikuwa kisanduku cheusi, si kikubwa kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Unakiweka mezani kando ya bunduki, kinatazama kule risasi inakokwenda, kinaikimbiza angani kwa mawimbi yake, kama askari wa barabarani na rada yake anavyolikamata gari, halafu kinakuandikia kasi kwenye kioo kidogo. Hakihitaji jua wala hakikai mbele ya mtutu. Nedra alikigeuza mkononi, akakitazama mbele na nyuma, na wazo la kwanza lililomjia halikuwa la risasi zake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata alikwenda nacho uwanja wa shabaha.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Clovis Tarrant, msimamizi wa uwanja, ambaye siku nyingine alikuwa mnadi wa ng'ombe na alikuwa na sauti ya kazi hiyo. Clovis alikuwa akijisifia elfu tatu kamili. Akafyatua, akainama kwenye kioo, akabaki ameinama.

"Soma basi, tusikie!" Nedra akamwambia.

"Elfu mbili mia nane na kumi," Clovis akasema, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe sauti yake haikufika hata meza ya pili.

Watu wakacheka mpaka wakavua vikinga masikio. Akaja mwingine, akapungukiwa. Akaja mwingine, naye hivyo hivyo. Ilionekana mji mzima ulikuwa umejiongezea futi mia mbili za uongo kila mtu. Lakini kila aliyeaibika alipata faraja ya kumsubiri mwenzake aaibike, na mwishowe wote wakawa wanamtazama mtu mmoja, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, akisafisha bunduki ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi.

"Mimi sina haja," Burdette akasema bila kuulizwa.

"Hakuna aliyesema una haja, shemeji," Nedra akajibu kwa sauti ya asali. "Mtu akishajua kasi yake, apime ya nini? Labda tu kwa faida yetu sisi wanafunzi."

"Hicho kidude ni cha kukamatia madereva."

"Basi kama huna kosa, unaogopa nini?"

Clovis akadakia kwa sauti yake iliyokuwa imerudi: "Haya, haya, naanza na elfu tatu! Nani anasema elfu tatu mia moja? Mzee wa kofia ya kahawia pale, mia mbili!"

Burdette alikuwa mtu mzima wa miaka sabini, lakini hakuna umri unaomkinga mtu na dhihaka ya namna hiyo. Akainuka, akaja mezani, akakaa, akapiga tano, moja baada ya nyingine, bila haraka. Halafu hakuinama kwenye kioo. Nedra alijua sababu. Burdette alikuwa na miwani ya kusomea lakini hakuivaa mbele za watu. Ilikaa mfukoni mwa shati kama siri ya ukoo. Kwa mbali macho yake yalikuwa ya mwewe. Kwa karibu hakuweza kutofautisha barua ya kodi na tangazo la dawa ya kupe.

"Nisomee," akasema, kama bosi anayemwachia karani kazi ndogo.

Nedra akasoma. "Elfu mbili mia saba na themanini. Inayofuata, themanini na mbili. Themanini. Sabini na tisa. Themanini na moja."

Halafu Clovis akacheka kicheko cha mtu aliyeonewa asubuhi na kulipiza mchana. "Elfu mbili mia saba! Burdette, hiyo ukiwahi unaikamata kwa mkono!"

"Nenda nayo taratibu, usije ukaichosha," mwingine akasema.

Kabla jua halijashuka alikuwa ameshapewa jina. Walimwita Polepole. "Polepole, pita kwanza wewe, sisi tutakukuta." Burdette alisema joto limeharibu baruti, akasema mwinuko wa mahali, akasema betri. Alipoona hakuna anayemsikiliza, akafunga bunduki yake kwenye mfuko na kuondoka bila kumuaga mtu, hata shemeji yake.

Nedra alirudi nyumbani anacheka peke yake barabara nzima. Kitu kimoja tu alikuwa amekiona pale kwenye kioo na hakukisema. Zile risasi tano za Burdette zilikuwa zimetofautiana kwa futi tatu tu. Za Clovis, aliporudia kufyatua, zilitofautiana kwa futi sitini, zake yeye Nedra kwa ishirini na kitu, na hapo alijiona fundi. Kujaza risasi zikafanana namna ile ni kazi ya mtu mwenye mkono wa sonara. Alikuwa na nafasi ya kuliambia kundi zima. Lakini kicheko kilikuwa kitamu, akakiacha kiendelee.

Siku chache baadaye Opal, mke wa Burdette, alikuja kwa Nedra na bakuli la rubabu, ile mboga ya mabua mekundu machachu, kutoka bustanini mwake. Opal alikuwa mwanamke mwembamba, mtaratibu, ambaye huja na kitu mkononi kila anapotaka kusema jambo zito. Alikaa, akakatakata mabua ya rubabu ambayo hakuna aliyemwomba ayakate, kisha akasema:

"Yule mtu wangu hatoki bandani."

"Amenuna?"

"Kununa kwake nimeshazoea. Anaongeza baruti, Nedra. Kila siku anaongeza kidogo, anakwenda kule bondeni nyuma ya zizi anapiga, anarudi anaongeza tena. Jana komeo la bunduki liligoma kufunguka. Unajua alilifunguaje? Kwa kipande cha ubao na nyundo."

Kicheko kikamtoka Nedra mwilini kama maji ya kuoga. Alijua maana ya komeo kugoma. Harlan aliwahi kumwonyesha picha ya bunduki iliyopasuka, na picha ya aliyekuwa ameishika. Akainuka, akachukua funguo.

Walimkuta Burdette bandani, miwani puani. Alipowasikia akaivua haraka na kuitupa kwenye droo. Nedra hakusalimia. Akaokota ganda moja tupu kutoka kwenye kopo, akalielekeza dirishani. Fataki ya kitakoni, ile inayowasha baruti, ilikuwa imebapa kama sarafu iliyokanyagwa na treni, na pembeni yake palikuwa na alama inayong'aa, mahali shaba ilipojaribu kutiririka itafute pa kutokea.

"Shemeji, unaona hii?"

"Naona."

"Huoni kitu, hujavaa miwani. Hii inakwambia acha. Na hii nyingine inakwambia acha, mpumbavu wewe."

"Nimebakiza kidogo tu," Burdette akasema. "Nimebakiza punje moja ya baruti mizanini, labda mbili."

"Ubakize punje ya nini? Ya kujitoa jicho?"

Burdette hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililomtisha Nedra. Alizoea kumwona anafoka. "Baba alisema elfu tatu mia mbili," akasema. "Hakuwa na kipimo, lakini alisema, na mimi nimesema maisha yangu yote. Ulinipima mbele za watu, Nedra. Sasa utanipima tena, mpaka ifike."

Nedra alimtazama Opal, Opal akatazama sakafu. Kumwambia ukweli huyu mtu kungekuwa sawa na kumwambia fahali akusogezee lango. Harlan angejua la kumwambia, lakini Harlan hakuwepo. Alichokuwa nacho Nedra ni kile alichokuwa nacho siku zote.

"Ngoja," akasema, akijikuna shavu. "Hebu ngoja kwanza. Ile rada ndiyo nilikuwa nimeitoa kwenye boksi siku ile. Nimesoma kitabu chake juzi, kumbe ina mpangilio. Kuna wa upinde, kuna wa bastola, kuna wa bunduki. Unajua mimi na vitabu. Nadhani niliiacha kwenye wa upinde."

Burdette akainua kichwa. "Wa upinde?"

"Sina hakika. Lakini si ndiyo maana kila mtu alipungua?"

"Nilisema!" Burdette akapiga meza. "Si nilisema ni betri?"

"Ulisema, shemeji. Sasa chukua zile zile za zamani, za mchanganyiko wa baba mkwe. Si hizi za kujiulia. Twende bondeni."

Wakaenda, wote watatu. Nedra akaiweka rada mezani, akabonyeza vitufe kwa uso wa mganga anayepiga ramli, Burdette akapiga risasi tano. Kioo kikaandika elfu mbili mia saba na themanini na moja, na ndugu zake wanne waliofanana naye. Nedra akakisogelea, akakunja uso, akafuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Eeeh," akasema.

"Nini? Sema!"

"Elfu tatu, mia mbili… na nne."

Hapo Opal akapata kikohozi cha ghafla, ikambidi aende kukohoa nyuma ya lori.

Burdette aliilaza bunduki magotini. Macho yakamlowa, akasema ni vumbi. Akamkumbatia Nedra, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yake na Harlan. Jioni ile ile alifungua zile risasi za hatari moja moja, akaimwaga baruti yake bustanini, na Opal akalala usingizi kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Nedra akajiona mtu mwema. Ilikuwa hisia ngeni kwake na aliifurahia, na kama mambo yangeishia hapo, pengine angeokoka nayo.

Lakini Burdette hakuwa mtu wa kupewa namba akakaa nayo ndani. Alirudi posta, alirudi kanisani. Alimfuata Clovis mpaka mnadani, katikati ya ng'ombe, akamwambia kwamba kumbe siku ile walipimwa kwa mpangilio wa upinde, na kwamba yeye ameshapimwa upya kihalali. Clovis akampigia Nedra simu.

"Ni kweli uliniacha kwenye upinde?"

"Clovis, ukinipenda, usiniulize hilo mpaka mashindano yaishe."

Clovis si mjinga. Akasema "Ahaa," akakata simu, na Nedra alijua yule mtu ameketi mahali fulani anacheka peke yake.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya yai. Kila Agosti klabu husimamisha ubao kwenye tuta la udongo, yadi mia nne kutoka mezani, yai bichi likiwa limekaa juu ya kidonge cha udongo. Kila mtu ana risasi tatu. Anayevunja anaendelea, asiyevunja anakwenda kula. Mshindi anachukua paja zima la nguruwe lililofukizwa, na siku ile lilikuwa limeninginizwa kwenye nguzo ya kivuli, kubwa, jekundu, nzi wanalizunguka kwa heshima. Wanawake walikuwa wameshapanga masufuria ya maharage na nyama yenye pilipili, na sinia za mikate ya mdalasini ya kulia pamoja nayo.

Nedra alivunja yai lake kwa risasi ya tatu, akashangiliwa. Clovis alivunja hewa mara tatu. Wakaja wengi, wakakosa, wakajiunga na foleni ya chakula. Mwisho akaitwa Burdette.

"Polepole! Amka, zamu yako!"

Burdette alikuja anatabasamu, akakaa, akawageukia watu. "Leo mtaona tofauti," akatangaza. "Miaka yote hii nilikuwa nageuza hiki kifundo cha darubini kwa mazoea, kama baba alivyonifundisha. Lakini sasa nina kasi ya kweli. Nimepiga hesabu kwa kasi ya kweli. Risasi ya mbio hivi haishuki sana njiani, kwa hiyo sihitaji kuinua mtutu kama wazee." Akakigeuza kifundo cha darubini, tik, tik, tik, akaacha.

Nedra alikuwa na mkate wa mdalasini mdomoni. Haukushuka.

Hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. Risasi iendayo taratibu huanguka zaidi kabla haijafika. Macho na mikono ya Burdette ilikuwa imezoea anguko lile miaka arobaini, na sasa, kwa ajili ya namba iliyotoka mdomoni mwa shemeji yake, alikuwa amelitupa.

Akakimbilia mezani. "Shemeji, geuza kama zamani."

"Nenda kakae, Nedra."

"Nakuomba. Kama zamani."

"Zamani nilikuwa sijui," Burdette akasema, akavaa vikinga masikio. Hapo ikawa sawa na kuzungumza na jiwe.

Risasi ya kwanza ikatimua vumbi chini ya yai. Watu wakaguna. Burdette akavuta pumzi, akafyatua ya pili. Vumbi likaruka pale pale, tundu juu ya tundu, chini ya yai kwa karibu shubiri moja, katikati kabisa, kama mtu anayegonga msumari. Yai likawa limekaa juu linatazama.

"Polepole, hiyo ya pili imechoka njiani!" mtu akapiga kelele, na kundi zima likaangua kicheko.

Burdette aliinua uso kutoka kwenye darubini. Nedra aliona shingo yake imekuwa nyekundu, na aliona mkono wake unakwenda kupapasa komeo la bunduki, kana kwamba kosa lilikuwa hapo. Angeweza kurudi kwenye mkate wake. Hakuna ambaye angejua, ila Opal, na Opal hasemi. Badala yake akainama, akalivuta pembeni kombe moja la kikinga masikio cha shemeji yake, akamnong'oneza:

"Nilikudanganya. Hakukuwa na mpangilio wa upinde. Ni elfu mbili mia saba na themanini, siku ile na siku ile nyingine."

Burdette hakugeuka. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unajiua, na ulikuwa hunisikii."

"Opal alijua?"

"Unakumbuka alivyokohoa?"

Upepo ulipepesa vibendera vya uwanjani. Clovis akaita: "Burdette, mko salama hapo? Mnasali?"

"Kuna jambo lingine," Nedra akanong'ona haraka. "Risasi zako zinafanana. Futi tatu tu kati ya ya juu na ya chini. Hakuna mtu hapa anaweza hivyo, hata mimi. Hata Harlan hakuweza. Niliona siku ya kwanza nikanyamaza, nilikuwa nacheka."

Burdette akafikiri juu ya hilo kwa muda ambao Nedra aliuona kama kiangazi kizima. Halafu akashika kifundo cha darubini, akakirudisha mibofyo yote aliyoipunguza. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Nilikuwa nalainisha udongo!" Akakaa vizuri, akafyatua. Yai likatoweka. Palibaki unyevu wa njano juu ya ubao, na kelele za watu.

Kwa hiyo fainali ikawa ya wawili, Nedra na Burdette, na utaratibu wa klabu ni kwamba katika fainali kila mtu anamtazamia mwenzake kwa darubini ya miguu mitatu na kumwambia risasi imetua wapi. Burdette akaanza. Akavunja yai kwa risasi ya kwanza, akainuka, akampisha shemeji yake kwa adabu nyingi. Nedra angepaswa kuishuku adabu ile.

Alifyatua. Hakuvunja. "Wapi?" akauliza.

Burdette, jicho kwenye darubini, akajibu kwa utulivu wa daktari: "Kushoto. Upana wa vidole vinne."

Nedra akasogeza kulia, akafyatua. "Wapi?"

"Bado kushoto kidogo. Upepo huo."

Akasogeza tena kulia, akafyatua ya tatu, na yai likabaki vile vile. Aliposimama na kutazama mwenyewe kwa darubini ile, aliona alama zake tatu kwenye tuta. Zote zilikuwa kulia kwa yai. Ya kwanza ilikuwa imelikosa kwa unene wa kidole kimoja, na nyingine mbili zilikuwa zinazidi kulikimbia kuelekea jimbo jirani la Nebraska.

Akamgeukia Burdette. Mzee alikuwa anatazama mawingu.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Kushoto?"

"Ah," Burdette akasema. "Unajua mimi kushoto na kulia. Nilipozaliwa, niliachwa kwenye mpangilio wa upinde."

Clovis ndiye aliyeanza, kwani alikuwa ameshaelewa nusu ya mambo na sasa akaelewa yote. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye changarawe. Nedra alijaribu kukasirika, akajaribu kwa bidii kabisa, lakini tumbo lilimsaliti, akaishia kuegemea bega la mtu aliyemwibia paja la nguruwe mchana kweupe.

Walipokuwa wanakula, Burdette alisimama na bakuli lake mkononi. Meza zote zikanyamaza, watu wakajiandaa kusikia elfu tatu mia mbili kwa mara ya elfu tatu mia mbili.

"Nina jambo la kutangaza," akasema. "Risasi yangu inakwenda elfu mbili mia saba na themanini. Ndiyo mwendo wake, sina haya nao. Kuna watu hapa," akamtazama Clovis, "risasi zao hazijui zinakwenda wapi wala saa ngapi zitafika. Moja inakimbia, ya pili inachechemea. Zangu zinatembea kama bibi harusi. Futi tatu! Tofauti ya futi tatu tu! Nani mwingine ana futi tatu Wyoming hii? Simama nikuone!"

Hakusimama mtu. Opal akainamisha uso kwenye kitambaa cha mezani. "Mungu wangu," akamwambia Nedra, "umempa namba nyingine."

Na kweli, wiki ile ile posta ilianza kusikia habari za futi tatu.

Jioni ya mashindano, magari yalipokuwa yanaondoka, Burdette alimbebea Nedra meza yake ya kukunja mpaka kwenye lori. Akaiweka nyuma, akaifunga kamba, akazunguka zunguka kama mtu aliyesahau kitu.

"Kuhusu ile baruti," akasema hatimaye. "Kule bandani."

"Yameisha hayo, shemeji."

"Hayajaisha. Siku nyingine nikichanganyikiwa tena, nidanganye. Nakuruhusu. Lakini usinidanganye wiki ya mashindano."

"Nimekusikia."

"Na hili paja tutagawana, ni haki yako nusu. Opal atakuletea kesho." Akaanza kuondoka, halafu akageuka, na Nedra aliona kabisa jambo linakuja. "Wewe utachukua upande wa mfupa."